Shingo ya Askari wa Msalaba

Mkono wa mume wangu ulianza kutetemeka katika miaka ya hamsini, msimu uleule watu wa bara walipoanza kuletwa kufungwa Manda, kisiwa kilicho ng'ambo ya mji wetu. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote, lakini kichwani mwangu yamekaa pamoja na sijaweza kuyatenganisha. Asubuhi nilimwona akishika kikombe cha kahawa kwa mikono yote miwili, na mchana mpiga mbiu akapita mtaani kwetu Langoni na pembe yake, akitangaza kwamba ni marufuku kusogeza chombo upande ule wa Manda palipojengwa kambi. Mume wangu alikuwa fundi rangi. Alipaka vitanda, milango, masanduku ya maharusi, na yale macho ya duara yanayowekwa kwenye omo, mbele ya vyombo vya baharini. Fundi rangi akitetemeka mkono ni sawa na muadhini aliyekaukiwa na sauti.

Hatukumwambia mtu. Yeye alisema ni baridi tu, nami nikakubali kuwa ni baridi, hapa kisiwani Amu, katikati ya kaskazi, watu wakilala juani jasho linawatiririka.

Mimi nilikuwa nikishona kofia za viua. Anayevaa kofia hajui anachokivaa. Kitambaa hutobolewa vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kikazungushiwa uzi mpaka kisimame chenyewe, na kofia moja ina vitundu vya kumtia mtu wazimu. Nilikuwa na macho makali na vidole visivyo na papara. Nilikuwa na ulimi pia, na mavyaa wangu alipenda kusema kwamba laiti ningeushona huo kwa uzi uleule nyumba ingepata utulivu. Tuliishi watatu: mume wangu, mama yake, na mimi. Mtoto hatukuwa naye bado.

Habari za bara tulizipata kwa wanaume waliokuwa wakishinda gatini. Walisimulia jinsi wafungwa walivyoshushwa wawili wawili kwenye pingu, wamekonda, wengine hawajaiona bahari tangu wazaliwe, wakawekwa mchangani kusubiri kuvushwa. Walisimulia pia yaliyosemwa na askari: kwamba huko bara watu wanachinjwa vitandani mwao, kwamba wapishi wanalishwa kiapo cha kuwachinja mabwana zao. Wazungu wachache wa mji wetu wakaanza kufunga milango mchana. Sisi tulisema Mwenyezi Mungu atuepushe, tukaendelea na shughuli zetu. Watu wa kisiwani tuna ujinga huo, wa kudhani maji yanazuia kila kitu.

Mmoja wa Wazungu hao alikuwa mzee aliyekaa nyumba ya ghorofa upande wa pwani. Mume wangu alikuwa amempakia rangi milango yake zamani. Mzee huyu alikuwa na meza kubwa iliyojaa askari wadogo waliosubuliwa kwa madini ya risasi, wa kila zama, na kwa miaka aliwapaka rangi mwenyewe. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu. Akamwita mume wangu, akampa mkebe wa tumbaku. Ndani yake, kwenye pamba, alilala mtu wa urefu wa kidole cha shahada, wa rangi ya kijivu, hajapakwa kitu.

Mume wangu alipofika nyumbani aliufungua mkebe pale kiwandani, uani penye mwanga, akaniita.

"Huyu ni askari wa msalaba," akasema. "Wale wa zamani, waliovuka bahari wakaya kuiteka Kudsi, mji mtakatifu. Avikwe nguo nyeupe na msalaba mwekundu kifuani. Mzee ataka kumpa zawadi yule afisa kijana aliyeletwa kusimamia walinzi wa Manda. Asema ni kama mtoto wake."

"Na waliotekwa walikuwa nani?"

"Wayua walikuwa nani."

"Basi Waislamu wengine wa kumpaka huyu wameisha?"

"Kazi ni kazi, Bi."

Nilinyamaza, jambo lisilo la kawaida yangu, kwa sababu nilikuwa nimeuona mkono wake ukigonga ukingo wa mkebe. Kazi zilikuwa zimepungua. Wenye vyombo walikuwa wameshaanza kunong'ona kuwa macho ya kazi yake ya mwisho hayalingani, moja liko juu na moja chini. Huyu mtu mdogo wa risasi ndiye aliyekuwa anakuja kuamua kama mume wangu bado ni fundi au la.

Aliketi naye asubuhi nzima. Alichanganya rangi juu ya kitako cha kisahani kilichopinduliwa, akachovya brashi yake nyembamba kuliko zote, ile aliyoifunga mwenyewe kwa nywele za mbuzi ndani ya unyoya wa kuku. Akaisogeza, akairudisha. Akaisogeza tena. Sikutaka kutazama lakini nilitazama. Ilipofika adhuhuri alikuwa amepaka kidole gumba chake mwenyewe na hajapaka kingine. Akaweka brashi chini, akaenda kutawadha, na alipokuwa akipita sikuinua macho, maana nilijua yake yana machozi na si haki mtu kuonwa hivyo.

Aliporudi kutoka msikitini alimkuta yule askari amesimama juu ya kipande cha mti cha kuzungushia uzi, nimemgandisha kwa nta, na kanzu yake imeshakuwa nyeupe mpaka kwenye mikunjo. Alisimama akatazama muda mrefu. Kisha akavuta mkeka akaketi nyuma ya bega langu.

"Ukifika kwenye ile nguo ya chuma," akasema, "paka nyeusi kwanza, iwache ikauke. Halafu tia rangi ya fedha, uifute brashi kwenye kitambaa mpaka udhani haina kitu. Ndipo upitishe juu juu. Rangi ikae migongoni, mashimo yabaki meusi."

Nilifanya alivyosema, na ile risasi butu ikawa pete za chuma, moja ndani ya nyingine. Siku zile chache nilimpenda mume wangu kuliko siku za harusi. Yeye alikuwa na ujuzi, mimi nilikuwa na mkono, na baina yetu tulipata fundi mmoja mzima. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, na mambo yote yaliyokuja baadaye hayajaiondoa.

Aliyeharibu furaha hiyo alikuwa mavyaa wangu, na hakuiharibu kwa ubaya. Alikuwa mtu wa ibada. Hakusema neno wakati askari alipokuwa mweupe hana uso, kwa sababu kwake kilikuwa bado kipande cha risasi. Lakini askari huyu hakuvaa kofia ya chuma. Alikuwa ameikumbatia kwapani, kichwa kiko wazi, ndevu fupi, shingo ndefu tupu, na uso ameuinua kama mtu aliyesikia ameitwa. Uso ulihitaji macho. Niliyaweka kwa ncha ya sindano ya kofia, nukta moja, kisha nyingine, na nilipoweka ya pili akanitazama. Sikulipenda hilo. Niliinuka nikamwacha pale pale.

Mavyaa alipompitia alisimama.

"Hiki sasa kina mato," akasema.

"Ni kazi ya mwanao, mama."

"Mkono nimeuona ni wa nani. Mimi si kipofu. Mwanangu hakuamba kitu nami sikumuuliza, lakini wewe nakwambia. Siku ya kiyama aliyefanya sura ataambiwa aitie roho. Utamtia roho ya wapi wewe? Na malaika hawaingii nyumba yenye kitu hiki. Humu nisali na nani?"

Akachukua kawa la kufunikia chakula, akamfunika askari. Kisha akakunja msala wake akaenda kusali kwa jirani. Mchana ule tulikula wali usiofunikwa, nzi wanatua, na hakuna kati yetu aliyethubutu kusema liletwe lile kawa.

Sikuogopa maneno ya mavyaa peke yake. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimelelewa hivyo hivyo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Faza, na ilipokuja pwani leso yenye picha za ndege, hakumkataza bibi kuivaa. Alimwambia apitishe uzi shingoni mwa kila ndege. Bibi alishona leso nzima, ndege mmoja mmoja, akaivaa na kusalia. Kilichokatwa kichwa si kiumbe tena, alisema babu, ni nakshi tu. Nilikuwa nimemshikia bibi uzi ule.

Basi nikamfunua askari. Msalaba wa kifuani ulikuwa ndiyo kwanza nimeumaliza na brashi ilikuwa bado na wekundu. Nikamgeuza kichwa chini, nikapitisha mstari mwembamba kuizunguka shingo, chini ya ndevu, mpaka ncha zikakutana nyuma. Ulikuwa mwembamba kuliko uzi. Ukimsimamisha mezani huuoni, sharti umwinue na kumlaza ndipo utokeze. Nilimwonyesha mavyaa.

"Nimemkata, mama."

Alimsogeza usoni, akamzungusha. "Umefika mpaka nyuma?"

"Umefika."

"Haya. Sasa ni risasi." Akarudisha msala wake ndani, na usiku tukala chakula kilichofunikwa. Mume wangu hatukumwambia. Tulijua angesema tusiiguse kazi ya mtu kwa mambo ambayo mwenyewe hakuyaagiza, na tulikuwa tumeshapatana, mimi na mavyaa, jambo ambalo halikutokea kila siku na hatukutaka kulipoteza.

Asubuhi mume wangu alimpeleka askari pwani akarudi akitabasamu. Mzee wa Kizungu alikuwa amemshika yule askari karibu na dirisha, akambusu kabisa huyo askari, akasema hajapata kuona kazi ya namna ile. Aliahidi kuleta wengine. Mume wangu alikuwa akinisimulia huku ameficha mkono wake unaotetemeka chini ya paja, na macho yake yananiambia asante. Nilimpikia maandazi.

Siku iliyofuata niko jikoni bado na moto, mlango ukagongwa kwa kirungu. Walikuwa askari wawili wa bara na karani mmoja wa Kiamu, kijana wa jirani ambaye mama yake tulikuwa tukiosha naye maiti. Karani hakuniangalia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Bwana aitwa ngomeni. Mume wangu alivaa kofia, moja ya zile nilizomshonea mimi, akatoka. Alidhani ni mlango wa kupakwa.

Hakurudi adhuhuri. Alasiri wale askari walirudi bila yeye. Waliingia mpaka ndani, na viatu, walipindua makopo ya rangi, walitoboa godoro, walimwuliza mavyaa wanaume wengine wako wapi. Walichukua brashi zote na vibati vya rangi, wakavitia guniani. Mavyaa alisimama kati ya kiwanda amejitanda leso, anasoma kimoyomoyo, midomo inakwenda. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia.

Yaliyotokea ngomeni aliyekuja kutueleza ni yule karani, jioni bado kweupe, amesimama dakani, pale ukumbi wa mlangoni, hataki kuingia.

Afisa kijana alikuwa amepokea zawadi yake kwa furaha. Kisha, akiwa peke yake, akamwinua kumtazama chini ya nyayo kama wafanyavyo wenye vitu vile, na akauona mstari. Kijana huyo alikuwa ametoka bara. Alikuwa ameingia katika nyumba za watu waliochinjwa, tena wengine aliwajua. Sasa ameletwa kulinda kambi, na zawadi ya kwanza anayopewa katika mji mgeni ni askari wa Kizungu, kijana kama yeye, aliyekatwa koo kwa wekundu mahali pa siri. Karani alisema afisa alikuwa mweupe kama chokaa. Simlaumu sana. Ningekuwa yeye na mimi ningeogopa.

Mume wangu alipoonyeshwa ule mstari alielewa papo hapo. Naye pia alikuwa na babu. Akasema ni desturi ya dini yetu, kitu chenye uso hukatwa ili kisiwe kiumbe, hakuna ubaya. Afisa akamuuliza, ni wewe uliyeuweka? Akajibu ni mimi. Basi wakampa brashi na sahani nyeupe, wakamwambia achore mwingine kama ule.

Karani aliishia hapo. Hakuwa na haja ya kuendelea.

"Mkono ulikwenda kombo," nikasema nyuma ya pazia.

"Ulikwenda kombo," akasema. "Sasa waamba ni mrongo. Waamba yuko mtu mwengine, fundi, ndiye aliyetia ile alama, na yeye amficha. Wamemuuliza ni nani, ameinamisha kitwa. Wamemuuliza tena na tena. Hakuamba kitu."

"Na wewe hukusema?"

"Mimi niseme nini, Bi? Nitaje watu wa nyumba ya mtu mbele ya maaskari?"

Nataka nieleze jambo hili vizuri kwa vijana wa siku hizi, ambao hutaja majina ya wake zao barazani wakicheka. Wakati ule mwanamume hakulitaja jina la mkewe mbele ya wanaume wengine. Alisema "nyumbani", na wote wakaelewa na wakaishia hapo. Jina la mwanamke lilikaa ndani kama mwenyewe. Mume wangu kunitaja pale, mbele ya afisa na askari waliokuwa wakicheka, na mimi nikaitwe nikasimamishwe kati yao, hilo kwake lilikuwa baya kuliko pingu. Na lilikuwepo jingine. Angenitaja, mji mzima ungejua kwamba mkono wake umekufa na anayemfanyia kazi ni mke. Sijui lipi lilimziba kinywa zaidi. Sikumuuliza, na yeye hakusema mpaka anaingia kaburini.

"Waamba asipomtaja mtu huyo," karani akamalizia, "kesho baada ya sala ya Ijumaa atavushwa Manda pamoja na wale wa bara."

Akaondoka upesi. Mimi na mavyaa tuliketi pale pale sakafuni kati ya rangi zilizomwagika. Niliwafikiria wale watu waliofungwa wawili wawili, na mume wangu kati yao, mkono wake unatikisa pingu ya mwenzake. Hakuna mtu wa Langoni aliyejua kinachotokea ndani ya kambi ile. Waliokwenda huko hatukuwaona wakirudi.

Asubuhi mavyaa alikuwa ameshavaa buibui kabla sijaamka kwenye msala.

"Inuka," akasema. "Twende ngomeni."

"Sisi, mama?"

"Ndia hii siiyui, lakini nina kinywa cha kuulizia."

Mwanamke wa heshima hakupita mbele ya ngome mchana. Tulipita. Wanaume wa barazani walipotuona tunaelekea kule walikatiza mazungumzo, mmoja mmoja, baraza moja baada ya nyingine, mpaka ikawa tunatembea katika kimya. Nilisikia kandambili za mavyaa zikipiga mawe. Pale ngomeni mlangoni askari alitaka kutufukuza, lakini mavyaa aliketi kizingitini kama mtu aliyefika kwake, na watu wakaanza kukusanyika, na karani akatoka mbio akatuingiza.

Afisa alikuwa kijana kweli, ana chunusi shingoni. Mzee wa Kizungu alikuwepo naye, ameketi pembeni na fimbo yake, anatazama sakafu. Mezani, juu ya karatasi nyeupe, alisimama askari wa msalaba. Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta. Aliponiona alifumba macho.

"Wewe nani?" afisa akauliza kwa Kiswahili cha bara.

Nikataja jina langu. Nililitaja zima, na la baba na la babu, mbele ya wanaume wote wale, na nilisikia mume wangu akipumua kwa nguvu kama aliyepigwa.

"Aliyempaka huyo ni mimi," nikasema. "Na mstari ni mimi. Lete sahani."

Walileta. Walitoa brashi zangu guniani. Nilichora mstari mmoja, kisha wa pili pembeni yake, kisha nikachora duara la kiua la kofia na kulijaza, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka waone. Mkono wangu haukutikisika. Afisa aliichukua sahani akaiweka kando ya askari, akatazama kimoja, akatazama kingine. Karani akaanza kumweleza habari za leso na ndege, maana nilikuwa nimemwambia aeleze. Mzee wa Kizungu akainua kichwa, akasema maneno mengi kwa lugha yao, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Nadhani aliamini. Lakini mtu akiamini haina maana hofu imemtoka. Alisogeza askari mbele yangu kwa kidole.

"Kama ni desturi tu," akasema, "na hakuna ubaya, basi futa. Funika hiyo. Shingo iwe nzima. Bwana wako atakwenda nyumbani."

Karani akarudia kwa Kiamu ingawa nilikuwa nimesikia.

Nilichukua kisahani. Nikachanganya nyeupe na tone la nyekundu na tone la manjano, mpaka ikaja ile rangi ya ngozi niliyoipata mara ya kwanza. Mikono ilijua kazi yake. Nilichovya, nikamlaza askari kwenye kiganja, na pale nikakwama. Alikuwa ananitazama kwa zile nukta mbili. Nilikuwa nimemfanya vizuri mno, hilo ndilo lililonitisha. Mstari ule ulikuwa ndio kitu pekee kilichosimama kati yangu na swali nitakaloulizwa siku ambayo hakuna karani wa kunitafsiria. Nikiuziba, nimekubali mbele ya mashahidi kuwa nimefanya kiumbe na nikakiacha kizima. Nikiuacha, kuna mtu ukutani atapandishwa mashuani baada ya sala. Niliogopa kote kuwili, na brashi ikaanza kukauka.

Nilihisi mkono juu ya mkono wangu. Mavyaa alikuwa amesogea. Mkono wake ulikuwa mkavu, una hina iliyopauka kwenye kucha, na ulikuwa mtulivu.

"Funika, mwanangu," akasema sikioni mwangu. "Sote wawili. Tukiulizwa, tutaulizwa pamoja."

Yule mwanamke aliyekimbiza msala wake kwa sababu ya nukta mbili za rangi ndiye aliyeisukuma brashi. Tuliuzunguka mstari ule mkono juu ya mkono, chini ya ndevu, mpaka nyuma ncha zilipokutana, na shingo ikawa nzima. Afisa alimwinua, akamlaza, akamtazama kwa miwani ya kukuzia. Akamtia mfukoni. Kisha akaashiria mlango.

Tulirudi nyumbani watatu, mume wangu mbele, sisi nyuma. Barazani watu walitoa salamu na yeye akaitikia moja moja. Tuliingia ndani. Pale akakaa kwenye mkeka, akauweka mkono wake unaotetemeka juu ya goti, wazi, bila kuuficha, na hakuuficha tena tangu siku ile. Kazi za rangi ziliisha. Aliuza mkaa, akauza ndimu, tulipata watoto, tuliishi. Mimi nilirudi kwenye kofia zangu na sikushika brashi tena.

Afisa aliondoka miaka michache baadaye, na askari wake mfukoni bila shaka. Mzee wa Kizungu alifia hapa hapa mjini. Mume wangu alifariki kabla ya mama yake.

Mavyaa alikufa mzee sana, mimi nikimnywesha maji kwa kijiko. Mwishoni alikuwa hawatambui watu. Asubuhi moja alinishika mkono, ule ule wa kulia, akauliza kwa sauti safi kabisa:

"Ile shingo. Ilizibika vyema?"

Nilitaka kumdanganya. Nilitaka kumwambia kwamba nyuma niliacha ufa mdogo, upana wa unywele, ambao wale wanaume hawakuuona. Ningeweza kuuacha. Mkono wangu uliweza. Lakini alikuwa ameushikilia mkono ule wakati tukipaka, na alijua.

"Ilizibika, mama."

"Haya," akasema. "Nitatangulia. Wewe usifanye haraka."

Sasa nina miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo yeye. Mahali fulani, katika nchi nisiyoijua, kwenye rafu ya nyumba ya mtu, yule askari bado amesimama, kanzu nyeupe, kofia kwapani, shingo nzima, uso ameuinua. Risasi haiozi. Kila nikimaliza kusali namwombea mavyaa, na namwomba Mola asimwulize peke yake. Amsubirishe kidogo, mpaka nifike.